Kuunda na kukusanya magari ya plastiki: anza na bodi

Mtu akiletewa modeli ya gari iliyokamilika, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye bodi. Hachunguzi injini wala shokamzoba zilizojificha chini. Anatazama jinsi boneti inavyorudisha mwanga na kama mistari ya milango imekaa sawa. Waundaji wa ndege za kivita na vifaru wana nafuu, maana rangi zao hazing'ai, na kutu, vumbi na matope ya kuchora hufunika kasoro nyingi. Gari lililotoka kiwandani leo halina matope ya kujifichia. Mkwaruzo ulioachwa kwenye plastiki utaonekana juu ya rangi inayong'aa, tena utaonekana zaidi ya ulivyokuwa kabla ya kupaka.

Ndiyo maana mwongozo huu haufuati mpangilio wa karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi. Karatasi hizo karibu zote huanza na injini, zikashuka kwenye chasisi, zikaingia kwenye viti na dashibodi, bodi ikaja mwishoni. Wewe anza na bodi. Ndiyo inayodai siku nyingi za kukauka, na siku hizo za kusubiri zinatosha kuunda kila kitu kingine bila pupa.

Kuchagua seti

Skeli, yaani uwiano wa ukubwa wa modeli na wa gari halisi, mbili ndizo zilizotawala: 1/24 na 1/25. Ya kwanza ni sawa na nusu inchi kwa kila futi moja ya gari halisi, na ndiyo inayotumiwa na kampuni za Japani kama Tamiya, Fujimi, Aoshima na Hasegawa. Ya pili ni ya Marekani zaidi, hasa AMT na MPC. Revell imetoa seti za skeli zote mbili. Gari lenye urefu wa mita 4.5 huwa na milimita 187.5 kwa skeli ya 1/24, na milimita 180 kwa 1/25. Tofauti hiyo huioni gari likiwa peke yake, lakini ukiweka magari mawili ya aina moja ubavu kwa ubavu, moja la skeli hii na jingine la ile, utaiona. Anayetaka rafu yenye magari yanayolingana ni vizuri aamue mapema. Magari ya Formula 1 mengi huja kwa 1/20, pikipiki kwa 1/12, na zipo seti kubwa za 1/12 na hata 1/8 kwa wenye nafasi na subira.

Kwa seti ya kwanza nashauri gari la 1/24 lisilo na injini, yaani lile ambalo boneti yake imeungana na bodi. Wapo wanaozibeza seti hizi. Mimi naziona ndizo shule bora, kwa sababu zinakuacha na jambo moja la kujifunza: kuandaa bodi na kuipaka rangi ipasavyo. Boneti inayofunguka huleta bawaba, nafasi za pembeni zisizolingana na injini inayogoma kuingia chini yake. Hayo yaache kwa gari la tatu au la nne. Epuka pia gari lililojaa mapambo ya kromu ubavuni, kama magari ya Marekani ya miaka ya 1950, mpaka mkono uzoee. Na kama plastiki ya bodi ni nyekundu, usipange kuipaka nyeupe au njano mara ya kwanza. Sababu nitaieleza nikifika kwenye praima, yaani rangi ya msingi.

Vifaa

Si vingi. Unahitaji plaizi ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano, tupa ndogo, misasa ya maji ya namba 400, 600, 1000, 2000, 3000 na 4000, na utepe wa kufunikia unaotengenezwa kwa ajili ya modeli. Utepe wa kawaida wa ofisini huvuta rangi na huvujisha kingoni. Ongeza vijiti vya meno na vibanio vya nguo.

Kwenye gundi inafaa kutua kidogo. Plastiki ya seti hizi ni polistireni, na gundi yake halisi haigandishi vipande viwili, bali inaviyeyusha pale vinapogusana na kuvifanya kuwa kitu kimoja. Gundi nyembamba ya majimaji yenye brashi kwenye kifuniko ndiyo bora: unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusisha brashi kwenye kiungo, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Kwa sababu inayeyusha plastiki, haishiki juu ya rangi wala juu ya kromu, hivyo pakwaruze pale pa kuungania hadi plastiki yenyewe ionekane. Supagluu ni ya chuma na vipande vya resini. Usiitumie karibu na vioo, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kirahisi. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa angavu, na iliyomwagika huondoka kwa pamba yenye maji.

Jambo la afya halina mjadala. Rangi za kupuliza, thina na gundi hizi zina mvuke unaodhuru. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Tumia ile yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa kemikali, na pulizia penye hewa inayotoka nje, mbali na moto. Ukisugua plastiki, sugua kwa maji ili vumbi lisiruke.

Fungua boksi, osha, tenganisha

Kabla ya kukata chochote, linganisha fremu zote za plastiki, yaani vijiti vinavyoshikilia vipande, na mchoro wa kwenye maelekezo na uhakikishe hakuna kilichopungua wala kuvunjika. Kisha osha fremu na bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki laini. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke bila kung'ang'ania, na mabaki ya mafuta hayo hufukuza rangi. Suuza na uache vikauke vyenyewe.

Usikate vipande vyote kwa mara moja. Vipande vidogo vina namba kwenye fremu, na ukishavitoa namba hubaki kule. Kata kinachohitajika kwa hatua uliyopo. Kata mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande, kisha karibu, halafu malizia kwa msasa. Anayekata karibu mara ya kwanza huacha doa jeupe au shimo kwenye kipande chenyewe.

Matairi yatoe uyaweke kwenye mfuko wake, mbali na bodi, vioo na rimu. Matairi laini ya vinaili yana vilainishi ambavyo huvuja taratibu na kuyeyusha polistireni inayogusana nayo. Seti nyingi za zamani zimeharibika hivi zikiwa ndani ya boksi ambalo halijawahi kufunguliwa: tairi limelalia kioo cha mbele miaka mingi, na umbo lake limechoreka humo daima.

Bodi kabla ya rangi

Hapa ndipo nakuomba upunguze mwendo kuliko mahali pengine popote.

Shika bodi chini ya taa iliyo upande mmoja na uizungushe. Utaona mistari myembamba iliyoinuka, mara nyingi juu ya matao ya magurudumu, kwenye kona za bampa na kwenye nguzo za kioo cha mbele. Hiyo ni mistari ya mahali vipande vya kalibu vinapokutana. Ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 600 hadi kidole kisihisi kitu. Angalia pia vishimo vidogo upande wa nje wa sehemu zenye plastiki nene. Jaza kwa fila ya modeli, tabaka jembamba, subiri, sugua, rudia.

Mistari ya milango na boneti nayo ina dawa yake. Kila tabaka la rangi hujaza mfereji huo kidogo, na baada ya praima, rangi na vanishi mlango unaweza kuonekana umechorwa tu. Pitisha mgongo wa ncha ya wembe, au chombo maalumu cha kuchongea, ndani ya kila mstari mara chache bila kukandamiza. Ukipitia kwa pupa chombo kitateleza na kuchora bodi, kwa hiyo acha uzito wa chombo ufanye kazi.

Sasa jaribu kuunganisha gari zima bila gundi. Tumia vipande vya utepe kushika chasisi ndani ya bodi, ingiza magurudumu, weka vioo, weka bampa. Je, gari limekaa kwa urefu unaofaa? Magurudumu yako katikati ya matao? Chasisi inaingia bila kupanua bodi kwa nguvu? Ukigundua kuwa inabana, punguza sasa. Kupanua bodi iliyokwisha kupakwa rangi ni njia ya haraka ya kuipasua. Vipande vyenye rangi moja na bodi, kama spoila na sketi za pembeni, vibandike sasa ili kiungo kijazwe na kusuguliwa.

Kisha praima. Ya kijivu hufaa rangi nyingi, na nyeupe hufaa kwa njano, nyekundu na rangi nyingine nyepesi ambazo hazina nguvu ya kufunika. Praima ina kazi mbili: kushikisha rangi, na kufichua uliyokosa kuyaona. Mikwaruzo yote itajitokeza. Rudi kwenye msasa bila uvivu, puliza tena, hadi bodi iwe laini kote. Kama plastiki ni nyekundu na unataka rangi nyepesi, wino wa plastiki unaweza kupenya praima na kuifanya rangi yako kuwa ya waridi. Kinga inayojulikana ni kupuliza tabaka la fedha kwanza, kisha praima nyeupe juu yake.

Rangi

Kuna familia tatu. Laka hukauka upesi, ni ngumu na husuguliwa vizuri. Rangi za makopo ya kupuliza za Tamiya zenye alama TS ziko humo, pamoja na Mr. Color. Enameli, kama za Humbrol, hukauka polepole na hujisawazisha zenyewe. Akriliki zina harufu ndogo na hufaa kwa brashi na kwa ndani ya gari. Kanuni ya kushika ni hii: usiweke laka juu ya enameli. Kiyeyusho cha laka kitaifanya enameli ikunjamane na kupasuka. Enameli juu ya laka iliyokauka ni sawa, na akriliki juu ya yoyote iliyokauka ni sawa. Rangi za magari halisi nazo ni kali mno kwa polistireni tupu, na hazipaswi kuigusa bila praima ya kutosha. Kwa kipande usichokijua, jaribu kwanza ndani ya bodi au kwenye kijiko cha plastiki.

Kwa bodi ya kwanza, kopo la laka la kupuliza linatosha kabisa. Huhitaji kununua kompresa na bunduki ndogo ya rangi ili upate mng'ao mzuri. Vifaa hivyo vinakupa uhuru wa kuchanganya rangi, lakini havikufundishi kuandaa bodi.

Weka bodi juu ya chupa au waya ulioupinda uibane kwa ndani, ili uweze kuizungusha bila kuigusa. Weka kopo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kwani rangi hutoka kwa chembe ndogo na hulala laini zaidi. Usilichemshe kamwe wala kuliweka jikoni. Makopo haya hayapaswi kupita nyuzijoto 50. Tikisa hadi uchoke. Siku yenye unyevu mwingi hewani ahirisha, kwa sababu laka hunasa unyevu na kufanya utando mweupe wa ukungu.

Umbali uwe kama sentimita 15 hadi 20. Anza kubonyeza kabla mkono haujafika kwenye gari, pita kwa mwendo mmoja, achia ukishalivuka. Usianze wala kusimama juu ya bodi, maana pale ndipo matone huanguka. Tabaka la kwanza liwe la kunyunyiza tu, praima ikionekana katikati ya nukta. Subiri dakika kumi na tano hivi. La pili liwe zito kidogo. La tatu au la nne ndilo la majimaji: unapuliza hadi uone uso unang'aa ukiwa umelowa, na unaacha hapo hapo, kabla haujaanza kutiririka. Anza na sehemu ngumu, yaani matao, chini ya bampa na nguzo, kisha malizia na paa na boneti. Boneti na makasha ya vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma vikiwa vipande vya peke yake, vipulize siku hiyo hiyo, kutoka kopo hilo hilo, vikiwa vimekaa mkao vitakaokuwa nao kwenye gari. Kwa rangi za metaliki hili ni lazima, kwa sababu chembe za chuma hulala kufuata mwelekeo wa upulizaji na kipande kilichopulizwa kikiwa kimelala kitatofautiana na bodi.

Unyoya ukianguka kwenye rangi mbichi, uache. Ukishakauka utaondoka kwa msasa namba 2000. Ukiugusa sasa utaharibu eneo zima.

Laka iache wiki moja kabla ya kuisugua. Enameli wiki tatu au zaidi. Kipimo cha uhakika ni pua: sogeza bodi karibu, na kama bado unanusa kiyeyusho, bado inakauka.

Rangi yoyote ya kopo itaacha uso wenye vijidimbwi vidogo kama ganda la chungwa. Hili si kosa lako, na linatibika. Sugua kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000 na 4000, ukiwa na tone la sabuni ndani ya maji. Sugua kwa upole hadi uso wote uwe umefifia sawasawa bila vinukta vinavyong'aa. Kaa mbali na kingo: mgongo wa matao, ukingo wa boneti na mstari mkali wa ubavuni. Rangi hapo ni nyembamba, na kusugua mara mbili tu kunaweza kuifikia praima. Wengi huzifunika kingo hizo kwa utepe mwembamba. Halafu dawa ya kung'arishia, kuanzia ya mchanga mkubwa, kati, hadi laini kabisa, kwa kitambaa laini, kila hatua na kitambaa chake. Polepole utaona taa ya chumba ikijitokeza ndani ya boneti, kwanza kivuli, kisha umbo lenye kingo kamili. Sijui furaha nyingine katika kazi hii inayofikia hiyo.

Rangi ya metaliki haisuguliwi yenyewe, kwa kuwa utavuruga chembe zake. Ifunike kwa vanishi angavu, kisha sugua na kung'arisha vanishi. Zipo vanishi za sehemu mbili zenye kigumishi ambazo hutoa mng'ao wa kina, lakini zina isosianeti, sumu mbaya kwa mapafu. Sizishauri kwa mtu asiye na vifaa kamili vya kujikinga.

Dekali za mashindano, yaani michoro na maandishi ya kubandika kwa maji, huwekwa juu ya rangi inayong'aa, kabla ya vanishi. Ikate karibu, iloweshe kwenye maji kwa sekunde chache, iweke juu ya kitambaa hadi iteleze, kisha isogeze mahali pake kwa brashi yenye maji. Bonyeza hewa itoke kuanzia katikati kwenda pembeni. Penye mkunjo tumia dawa ya kulainisha dekali, na ukiona imekunjamana usiishike, kwa sababu ikikauka itajinyoosha yenyewe. Vanishi ya kwanza juu yake iwe ya kunyunyiza tu. Ukiiloweka ghafla, laka inaweza kuila.

Bodi inapokauka

Sasa rudi kwenye karatasi ya maelekezo na injini yake.

Kosa linalofanya chasisi nyingi zionekane za kuchezea ni weusi mmoja. Gari halisi lina weusi wa aina nyingi: tairi ni kijivu kilichokolea, fremu ya chini ina nusu mng'ao, mpira wa bomba haung'ai, plastiki ya dashibodi ina rangi yake. Changanya nyeusi na kijivu au kahawia kidogo, na ubadilishe mng'ao kutoka kipande hadi kipande. Ekzosi ipake rangi ya chuma, kisha iguse kwa kahawia hafifu karibu na injini. Wino mwembamba mweusi ulioyeyushwa, ukiugusisha kwenye mapezi ya radieta na kati ya boliti za injini, utajaza mabonde na kufanya kila umbo lionekane. Nyaya za plagi ukiziongeza kwa waya mwembamba, injini hubadilika sura kabisa, na kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Tairi lisugue kwa msasa kwenye sehemu inayogusa barabara. Mstari wa kalibu utaondoka, na mng'ao wa plastiki utakufa.

Ndani ya gari tumia rangi zisizong'aa, na mkanda wa usalama uutengeneze kwa utepe uliopakwa rangi ikiwa seti haina wake.

Kromu, vioo na kuunganisha

Vipande vya kromu vya kwenye seti vimepakwa alumini nyembamba sana kiwandani. Mahali pa kukatia patabaki peupe, na kalamu ya wino wa kromu huparekebisha vizuri. Kama kromu ina mstari wa kalibu katikati ya bampa, ni bora kuivua yote: izamishe kwenye dawa ya klorini ya kufulia, itaondoka kwa dakika au saa chache. Usichanganye dawa hiyo na kemikali nyingine yoyote. Chini yake mara nyingi kuna vanishi ambayo nayo itahitaji kuondolewa. Kisha rekebisha plastiki, paka nyeusi inayong'aa sana, iache ikauke, na upulize rangi ya kromu kwa tabaka jembamba. Weusi ule wa chini ndio unaozaa kioo; ukiwa na mikwaruzo, kromu nayo itakuwa kijivu.

Kwa mapambo ya madirishani na ubavuni, hakuna rangi inayoshinda karatasi nyembamba ya metali yenye gundi, ile inayojulikana kwa jina la Bare-Metal Foil. Kata kipande kipana kidogo, kilaze, kisugue kwa kijiti cha meno kilichofungwa pamba hadi kishike kila mkunjo, kisha kata pembeni kwa wembe mpya kabisa. Wembe uliotumika utairarua.

Vioo visafishe, paka kingo nyeusi zilizo kwenye vioo vya kisasa, vibandike, halafu ndipo uingize sehemu ya ndani na chasisi. Taa na vibandiko vidogo vya majina viwe vya mwisho. Shika bodi kwa glavu za pamba. Jasho la vidole huacha alama kwenye rangi iliyong'arishwa.

Kukusanya

Anayeanza kukusanya hununua picha iliyo juu ya boksi. Anayejua hununua kalibu. Tofauti hii inaeleweka ukifuata historia kidogo.

AMT ilianza mwaka 1948 Marekani, ikitengeneza magari madogo ambayo wauzaji wa magari waliyatumia kuonyesha na kugawa kwa wateja. Mwaka 1958 ikatoa seti za kuunda ambazo mtu aliweza kuziunda kwa namna tatu: gari la kawaida, lililopambwa, au la mashindano. Kwa sababu magari ya Detroit, jiji la viwanda vya magari Marekani, yalibadilika sura kila mwaka, kalibu ya mwaka mmoja ilichongwa upya kuwa ya mwaka unaofuata. Ikishabadilishwa, gari la mwaka uliopita haliwezi kutengenezwa tena kutoka kalibu hiyo. Hapo ndipo penye uhaba wa kweli: seti za mwaka za miaka ya 1960 ambazo kalibu zake hazipo tena katika umbo lile. Magari ya wauzaji ya miaka ya 1950 nayo yana tatizo la pekee, kwani mengi yalikuwa ya plastiki ya asetati, ambayo hujikunja kadiri miaka inavyopita. Ukikuta lililonyooka, lithamini.

Kinyume chake, kalibu nyingi zipo hai. Majina ya AMT na MPC leo yako chini ya kampuni ya Round 2, ambayo hutoa upya seti za zamani mara kwa mara, wakati mwingine zikiwa na matairi na dekali bora kuliko za mwanzo. Revell na Monogram ziliunganishwa mwaka 1986, na tangu hapo gari lililotoka kwa jina moja linaweza kurudi ndani ya boksi la jingine. Kwa hiyo usilipe bei ya kitu adimu kabla hujajua kama kimetolewa upya, au kama maboksi mawili tofauti uliyonayo mkononi yana plastiki ile ile. Tarehe iliyochapwa kwenye boksi si lazima iwe tarehe ya kalibu. Seti mpya yenye picha ya kisasa inaweza kuwa na plastiki iliyobuniwa miaka hamsini iliyopita, yenye mikwaruzo na viungo vya enzi hiyo.

Baadhi ya kalibu zina hadithi inayostahili nafasi kwenye rafu. Tamiya ilipoandaa Porsche 934 ya skeli ya 1/12, iliyotoka mwaka 1976, ilifikia hatua ya kununua Porsche 911 halisi na kuifungua vipande ili kupata vipimo. Ukiiunda unaelewa kwa nini.

Ukinunua seti ya zamani, nailoni iliyobana boksi isikutulize, maana mtu yeyote anaweza kufunga boksi upya. Mimi napendelea boksi lililofunguliwa ambalo mifuko ya ndani bado imefungwa, kwa kuwa naweza kuona ninachonunua. Omba picha za vitu vitano: bodi ikitazamwa kutoka mbele kuona kama imejikunja, vioo, matairi, kromu na dekali. Kipande cha chasisi kilichopotea unaweza kukitengeneza. Kioo cha mbele kilichoyeyushwa na tairi ni kazi ngumu.

Usidharau modeli iliyoundwa vibaya zamani na kujazwa gundi na rangi nzito. Mara nyingi ndiyo njia nafuu ya kupata bodi ambayo kalibu yake imepotea. Spiriti ya isopropili huondoa rangi nyingi za akriliki na laka bila kudhuru polistireni. Jaribu kwanza upande wa ndani, vaa glavu, na uwe na mswaki wa zamani.

Maboksi yahifadhi penye ubaridi na ukavu, mbali na dari la nyumba ambako joto hukunja plastiki. Usiyapange marefu, kifuniko cha chini hubonyea, na boksi lililobonyea ni hasara kwa anayekusanya. Kila boksi liandikie kwenye daftari: mtengenezaji, namba ya katalogi, skeli, asili ya kalibu kama unaijua, na kilichopungua. Modeli zilizokamilika ziweke kwenye kasha la kioo lisilopigwa na jua, maana mwanga wa jua hufifisha rangi na kugeuza vanishi na plastiki angavu kuwa njano.

Dekali zitoe chini ya fremu nzito, uzilaze kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ngumu, na uzipige picha kwa skana siku unayozipokea. Zikishageuka njano, zibandike kwa utepe dirishani penye jua, uso ukitazama nje, zikiwa ndani ya mfuko angavu. Baada ya siku kadhaa umanjano hupungua sana. Kabla ya kuzitumia, kata moja usiyoihitaji uiloweshe. Ikivunjika vipande vipande majini, puliza vanishi angavu juu ya karatasi yote, iache ikauke usiku kucha, kisha kata kila dekali karibu na ukingo wake, kwa kuwa sasa vanishi ndiyo inayoishikilia.